Biskuti za Idi Huanzia Ghalani



Siku ya ishirini na nane ya Ramadhani, baada ya sala ya adhuhuri, katika nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa husikika sauti moja: chupa tupu ikibingirishwa juu ya kibao cha chapati. Unga uliokandwa husukumwa mpaka ukawa bapa, mdomo wa gilasi ukagandamizwa juu yake, duara moja baada ya jingine, na watoto huketi pembeni wakingojea vipande vinavyobaki. Hizo ndizo biskuti za Idi. Ziko nyumba zinazozikata kwa gilasi, ziko zinazotumia kopo la nyanya lililotolewa vifuniko pande zote mbili, na ziko zenye vikatio vya bati vya nyota na maua vilivyonunuliwa sokoni. Kazi ni moja, na furaha yake ni moja.

Mama mpishi amefunga, basi hawezi kuzila kwanza ajue kama sukari imetosha. Kwa hiyo kila nyumba ina muonjaji wake, mtoto ambaye bado hajafikia umri wa kufunga, na kwa muda wa saa moja cheo cha mtoto huyo jikoni ni kikubwa kuliko cha baba yake.

Yumkini msomaji atauliza: gazeti la dini lina nini na mambo ya unga na sukari? Jawabu yetu ni nyepesi. Nyumba ikiingia katika deni kwa ajili ya sahani ya Idi, jambo hilo limekwisha toka jikoni na kuingia katika dini. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiomba katika sala yake kukingwa na deni, kama ilivyopokewa kwa Bibi Aisha (r.a.). Basi yatupasa kulizungumza bila ya haya.

IDI YAHAMA, MAVUNO HAYAHAMI

Mwaka wetu wa Kiislamu hufuata mwezi, nao una siku 354 au 355, hali mwaka wa jua una siku 365 au 366. Kwa sababu hiyo Idi hutangulia kila mwaka kwa siku kumi au kumi na moja hivi, na huchukua kiasi cha miaka 33 kuizunguka misimu yote. Mkulima wa korosho hana haja ya kufundishwa hesabu hii, kwani ameiona kwa macho yake. Idi ya Fitri ya mwaka 2005 iliangukia mwanzo wa Novemba, na Idi za mwaka 2006 na 2007 zote mbili zikawa katika Oktoba. Hiyo ndiyo miezi ya kuokota korosho katika wilaya hizi. Nyumba ilikuwa na korosho uani na tumaini la fedha karibu, na mtu aliyechukua kilo mbili za ngano dukani hakumtia mwenye duka wasiwasi.

Siku hizi mambo ni mengine. Idi ya Fitri ya mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi, na ya mwaka 2026 ni katika Machi hiyo hiyo. Machi huku kusini ni mwezi wa mvua na palizi. Ufuta ungali shambani, na karanga mpya zimo ardhini. Korosho zilikwisha kuuzwa katika minada ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Runali, ambacho jina lake limefumwa kwa herufi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na fedha zake zilikwisha kwenda katika mahitaji ya shule, mabati ya nyumba na salfa ya mikorosho. Ndipo Idi inapobisha hodi.

Wala hali hii si ya mwaka mmoja. Idi ya Fitri ya mwaka 2028 yatazamiwa mwisho wa Februari, na ya mwaka 2031 katika Januari. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2026 atakuwa amefikia miaka saba, umri wa kuamrishwa sala, kabla Idi hiyo haijagusa tena mwezi wa Desemba mwaka 2033. Na Oktoba haitaifikia mpaka karibu na mwaka 2038. Basi anayesema, “Mwaka huu tukope, mwakani itakuwa nafuu,” hajaitazama kalenda yake.

NYUMBA MOJA YA RUANGWA

Tulipata kukaribishwa katika nyumba moja ya Ruangwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Jina la wenyewe hatulitaji, kwani walitukaribisha kwa wema. Mama wa nyumba alikuwa amekwisha fanya hesabu yake: unga wa ngano kilo tatu, sukari kilo mbili, majarini makopo mawili, mayai, na pakiti za biskuti za dukani za kupambia sinia. Vyote vichukuliwe kwa mkopo, vilipwe ufuta utakapouzwa mwezi wa Juni. Mume alikwisha kubali, maana hakutaka wanawe waonekane wanyonge mbele ya wenzao.

Mama yake mume, bibi mtu mzima sana, alikuwa ameketi ukumbini akichambua mboga.

“Mwanangu,” akamwambia mkwewe, “deni hili ni la nini?”

“La Idi, mama. Au wajukuu zako waende kuwatazama watoto wa wenzao wakila?”

“Hawatamtazama mtu. Karanga zimo ghalani, debe zima na zaidi. Nunua ngano kilo moja kwa fedha iliyopo, na sukari nusu kilo. Biskuti zitaliwa mwezi wa tatu, na deni lake lilipwe mwezi wa sita? Utakuwa walipia kitu ambacho hakipo.”

Mume akasema taratibu, “Lakini mama, wageni wataonaje wakikuta biskuti zetu nyekundu nyekundu, na za wenzetu ni nyeupe?”

“Mgeni wa Idi huja kutujulia hali, baba. Haji kukagua unga.”

Mume akanyamaza, kisha akachukua kikapu akatoka. Aliporudi alikuwa na kilo moja ya ngano, nusu kilo ya sukari na kopo moja dogo la majarini. Kwa insafu twasema kuwa mama wa nyumba hakufurahi siku ile. Alituambia waziwazi kuwa dada zake watamcheka. Biskuti za kwanza ziliungua chini, na nyingine zilivunjika. Lakini tray ya tatu ilitoka vizuri, na harufu ya karanga ikawaleta watoto wa nyumba nne. Tulipopata khabari zao baada ya msimu wa ufuta, fedha yao ya Juni ilikuwa yao wenyewe. Hilo ndilo tulilotaka wasomaji walisikie.

KARANGA ZILIZOPANDWA KWA MEZA YA WENGINE

Si watu wengi wa umri wa vijana wajuao kuwa karanga na Nachingwea zina kisa kikubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa Uingereza walipungukiwa na mafuta ya kula. Serikali yao ikaazimia kulima karanga Tanganyika, ili zikamuliwe mafuta ya kutengenezea majarini ya mezani kwao. Kazi ilianza mwaka 1947, na mahali palipochaguliwa palikuwa patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni tatu. Zikaletwa trekta za kung'olea miti, ikajengwa bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, na reli ikatandikwa kutoka pwani hadi Nachingwea.

Mpango ule haukufaulu. Ardhi na mvua hazikutii hesabu zilizofanywa mezani, mashine ziliharibika, na mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikauacha baada ya kutumia kiasi cha paundi milioni 36. Hata reli yenyewe ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Lakini karanga haikuondoka. Mkulima wa jembe la mkono, mwenye ekari moja au mbili, aliendelea kuipanda, akaivuna na kuiweka. Hata katika mbegu bora zilizotolewa na watafiti wa kilimo wa Naliendele, Mtwara, mwaka 2009, mojawapo ilipewa jina la Nachingwea. Zamani ardhi hii ilitakiwa itoe majarini ya kupaka mkate wa mbali. Leo mama wa Nachingwea akizitia karanga zake katika biskuti za wanawe, huwa ametumia mali ya shamba lake kwa meza yake mwenyewe. Sisi twaona hapana aibu katika jambo hilo, bali ni fahari.

ZICHAMBUE KWANZA

Karanga za Idi ya Machi si karanga mpya. Huku kusini karanga huvunwa tangu Aprili hivi, kwa hiyo zile za ghalani zimekaa karibu mwaka mzima. Hapa yatakiwa hadhari kubwa, kwani karanga iliyopata unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo hudhuru ini, na mtu akiila kwa muda mrefu yaweza kumletea saratani ya ini. Tena kuikaanga karanga hakuiondoi sumu yote. Mwenye kudhani moto wa kikaango utamwokoa amejidanganya.

Basi karanga zivunwapo zikaushwe vizuri juani, juu ya mkeka au turubai, wala zisianikwe juu ya udongo mtupu. Zihifadhiwe katika maganda yake, katika magunia yaliyowekwa juu ya mbao, mbali na ukuta na mahali panapovuja. Siku ya kuzitumia zimwagwe kwenye ungo, na kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu au yenye ukungu itupwe. Wala asipewe kuku. Kazi hii wapewe vijana wenye macho makali, waambiwe na sababu yake. Na kwa kuwa wako watu ambao karanga huwadhuru sana, hata kidogo yake, sahani ikipelekwa kwa jirani na isemwe kuwa ndani mna karanga.

NAMNA YA KUZIPIKA

Kwa biskuti arubaini au hamsini hivi, chukua unga wa ngano gramu 375, karanga zilizokaangwa, zikamenywa na kutwangwa laini, gramu 125, sukari gramu 200, majarini au samli gramu 200, yai moja, iliki iliyosagwa kijiko kimoja cha chai, na chumvi kidogo. Mwenye unga mzuri wa muhogo aweza kuutia badala ya robo ya ngano.

Piga majarini na sukari mpaka viwe laini na vyeupe. Tia yai, kisha iliki na chumvi. Changanya ngano na karanga kando, halafu uzitie kidogo kidogo, ukikusanya donge bila ya kulikanda sana, kwani likikandwa kama la chapati biskuti huwa ngumu. Usitie hamira wala unga wa kuumulia. Biskuti ya kukatwa haitakiwi kuumuka. Ikiumuka, nyota hupoteza pembe zake na mwezi hufanana na andazi. Lifunike donge, uliweke mahali pa baridi kwa muda wa nusu saa. Siku za joto mtungi wa maji wafaa sana kuegemezewa bakuli. Kisha lisukume mpaka liwe na unene wa nusu sentimeta, ukate.

Asiye na jiko la kuokea asikate tamaa. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza ndani mchanga mkavu safi kimo cha vidole viwili, weka juu yake vijiwe vitatu, na juu ya vijiwe weka tray ya bati au sahani ya bati yenye biskuti. Funika kwa mfuniko wa bati ulio bapa, upalie makaa juu. Kanuni ya mafundi ni hii: makaa mengi juu, machache chini. Sufuria ipate moto robo saa kabla biskuti hazijaingia. Oka moja kwanza, uone tabia ya moto wako. Baada ya dakika kumi na mbili au kumi na tano, pembe zikianza kuwa hudhurungi, zitoe. Zitakuwa laini bado; ziache zipoe, zitakauka zenyewe. Zikisha kupoa ndipo zitiwe katika ndoo yenye mfuniko, nazo zitakaa hata wiki mbili. Na jiko la makaa lisiachwe na watoto peke yao, wala lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa.

Tena tuseme neno na vijana wanaume. Kutwanga karanga ni kazi ya nguvu, na kusukuma donge ni kazi ya mikono yo yote. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ulipofika akitoka. Basi kijana gani aone ni unyonge kushika mchi?

MWEZI AU KOROSHO?

Nyumba isiyo na vikatio yaweza kukata mwezi mwandamo kwa gilasi moja tu. Kata duara, kisha isogeze gilasi kando kidogo, ukate mara ya pili juu ya duara lile lile. Upande mmoja utapata mwezi mchanga, na upande wa pili kipande kama jani. Hapana kinachopotea. Katika nyumba moja ya Nachingwea tuliwasikia watoto wawili wakibishana, mmoja akisema ule ni mwezi, na mwenzake akisema la, ni korosho. Babu yao akaamua kuwa wote wamesema kweli: mwenye kuutafuta mwezi na autazame mwezi, na mwenye njaa ale korosho. Jioni ile watu walitoka kutazama magharibi, na mawingu ya mvua yalikuwa mazito. Mwezi haukuonekana kwao wala haukutangazwa. Ndoo ya biskuti ikarudishwa juu ya kabati, Ramadhani ikatimizwa thelathini, na watoto wakalala wakijua kuwa subira nayo ina siku yake.

Desturi hii si yetu peke yetu. Watu wa Misri wana kahk zao za Idi ya Fitri, na huko Kairo, katika jumba la makumbusho la vitu vya Kiislamu, zimehifadhiwa kalibu za kale za kupigia biskuti hizo, zenye maandishi ya kumtaka mlaji ale na ashukuru. Watu wa Shamu nao wana maamul, hutiwa tende au lozi ndani na kupigwa chapa kwa kalibu za mti. Kila nchi imetia katika sahani yake kile ilichopewa na ardhi yake. Na sisi tumepewa karanga, ufuta na korosho.

SAHANI ITOKAYO NA KURUDI

Yasisahauliwe mambo yanayotangulia biskuti. Zakatul-fitri, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, yaani kilo mbili na nusu au zaidi kidogo, itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kusali. Na asubuhi ya Idi ya Fitri Mtume (s.a.w.) alikuwa hatoki mpaka ale tende, tena kwa idadi ya witri, Anas bin Malik (r.a.) ametupokelea hayo. Tende tatu zatosha kuifuata sunna hiyo, na nyumba ya maskini yaweza.

Baada ya sala ndipo sahani hutoka. Mtoto huibeba imefunikwa kwa kawa, akabisha hodi kwa jirani, akaamkia, akasema, “Mama amewaletea.” Sahani ya kwanza yafaa iende kwenye nyumba yenye yatima au mjane, isingoje mpaka zibaki zilizovunjika. Na jirani Mkristo asirukwe. Wako wengi katika wilaya hizi ambao sahani yao ya Krismasi hufika kwetu kabla hatujaikumbuka. Sahani yenye biskuti sita za karanga imetimiza kazi yake sawasawa na ile yenye pakiti za dukani, kwani anayeipokea amejua kuwa amekumbukwa.

Basi ndugu zetu, shauri letu ni hili. Karanga zivunwapo, kila nyumba itenge kisadolini kimoja cha Idi, kikaushwe vizuri, kiwekwe alama, kisiguswe. Ufuta uuzwapo mwezi wa Juni, zitengwe fedha za sukari. Korosho ziuzwapo, zitengwe fedha za ngano na za zakatul-fitri. Zitiwe katika kibubu, au katika kikundi cha akiba kisichokuwa na riba. Mwenye kufanya hivyo atakapoisikia Ramadhani ikitangazwa hatakuwa na hofu ya sikukuu inayoifuata. Akasali tarawehe yake kwa moyo mtulivu, na siku ya ishirini na nane akachukua chupa na kibao.

Bibi yule wa Ruangwa alituaga mlangoni. Tulimwambia kuwa tungependa kuandika khabari za biskuti zake. Akacheka, akasema, “Andikeni, wanangu. Lakini waambieni watu waanze na karanga.” Nasi tumefanya kama alivyotuagiza.